Posti elfu tisa si cheti: ile namba chini ya jina iachwe au itolewe?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Morogoro:

"Shikamoo kaka mkubwa. Mi ni mmoja wa wasimamizi wa jukwaa la wafugaji wa kuku mtandaoni, tuko kama watu elfu nne hivi, wengi wa Tanzania na wachache Kenya. Chini ya jina la kila mtu inatokea idadi ya posti zake. Juzi kumetokea ugomvi. Kuna mama vifaranga wake walikuwa wanahara damu, mtu mwenye posti 9,000 na kitu akamwambia awape OTC, mwingine mwenye posti 6 akamwambia hiyo ni koksidiosisi atafute amproliamu, akajibiwa 'we wa juzi tulia ujifunze kwa wakongwe'. Mama akamsikiliza wa elfu tisa, vifaranga wakaisha. Sasa wenzangu nusu wanataka hizo namba zitolewe, wakongwe wanasema zikitolewa wanaondoka. We umekaa na haya majukwaa miaka mingi, unatushauri nini?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Najijua nikianza kuongea sinyamazi, kwa hiyo nikupe jibu kwanza halafu porojo zifuate: zitoe pale watu wanapouliza ugonjwa na dawa. Sijasema zifutwe, nasema zitoke machoni. Sehemu nyingine za jukwaa tutaongea, ziko ambazo namba inaweza kubaki na isiue mtu wala kuku.

Halafu pole kwa huyo mama. Mi si daktari wa kuku, ila nina shemeji yangu afisa mifugo, nikampigia nikamsomea meseji yako, hata sijafika kwenye hiyo OTC akanikatisha akauliza vifaranga wana wiki ngapi. Anasema wa wiki tatu mpaka sita wakihara damu kitu cha kwanza kukifikiria ni koksidiosisi, inaletwa na kijidudu kinaitwa Eimeria kinachotafuna utumbo, na hicho si bakteria, OTC ni dawa ya bakteria. Amproliamu inakimaliza kwa kukinyima vitamini B1, ndo maana ukiwapa hiyo dawa huku unamwaga vitamini kwenye maji hayohayo unakuwa unajifunga mwenyewe. Kwa hiyo yule wa posti 6 alikuwa yuko sahihi na alinyamazishwa na namba. Hakunyamazishwa na hoja, maana hoja hakuna aliyeijibu, soma tena ule uzi utaona.

Sasa hiyo namba inahesabu nini? Inahesabu mara ngapi mtu kabonyeza kitufe cha kutuma, basi. Programu haijui kusoma. Mtu akikaa saa nzima anakuandikia ratiba ya chanjo kuanzia siku ya kwanza mpaka kuku wanaanza kutaga, hiyo ni posti moja. Mwingine akipita chini yake akaandika "nipo siti ya mbele", hiyo nayo ni posti moja, na akirudi kesho akaandika "bado nipo" anakuwa kamzidi mwandishi wa ratiba mara mbili.

Na hakuna mtu jukwaani kwako aliyeitisha kikao akaamua namba iwepo. Imekuja na programu, kama gari linavyokuja na saa ya mwendo. phpBB na vBulletin, programu za kuendeshea majukwaa, zote zimeanza mwaka 2000 na zote zilikuwa zinakuwekea idadi ya posti chini ya jina bila hata kuulizwa, na vBulletin ikaenda mbali zaidi ikawa inagawa na vyeo: ukijisajili unaitwa Junior Member, ukifika posti 30 unakuwa Member, ukifika 100 wewe ni Senior Member, hongera mzee. Posti 100! Mtu mwenye bando la usiku na usingizi umemkataa anaimaliza hiyo kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Sisi wa huku wengi tulizizoea namba hizo JamiiForums, walioanza nayo tangu inaitwa Jambo Forums mwaka 2006 wananielewa, unafungua uzi unaona mtu kaandikwa JF-Expert Member na posti zake maelfu, unanyoosha mgongo kabisa unasoma kwa adabu. Mtaalamu wa nini lakini? Wa magari, wa ndoa, wa ardhi, wa siasa? Pale chini ya jina hapasemi, na msomaji mgeni hana muda wa kwenda kuchimba.

Nikupe kazi ndogo uifanye leo usiku, itakusaidia kwenye kikao kuliko maneno yangu yote. Mchukue huyo wa elfu tisa, ingia kwenye profaili yake, soma posti zake mia za mwisho ukiwa na daftari. Gawa mistari minne: salamu na makaribisho, utani, maneno ya kukubali kama "kweli mkuu", na mstari wa mwisho posti ambazo mfugaji akizisoma anajua kitu ambacho hakukijua. Mi nishawahi kufanya hivyo kwa mkongwe mmoja wa jukwaa nililokuwa nasimamia, mtu tuliyekuwa tunamuogopa, na ule mstari wa nne ulikuwa mfupi mno, nilirudia kuhesabu nikidhani nimeruka ukurasa. Ila kuna jambo lingine nililiona ambalo sikulitegemea, na hili usilisahau: zile salamu zilikuwa na kazi yake. Yule bwana kila mgeni aliyeingia, hata saa nane usiku, alikuwa anamwambia karibu, uliza usiogope, na wengi walibaki kwa sababu yake. Kwa hiyo mtu wako wa elfu tisa inawezekana ni mwenyeji mzuri kuliko wote mlionao, shida ni kwamba uenyeji wake umegeuzwa kuwa udaktari na namba haikuonyesha tofauti.

Nisiwe mwonevu lakini, namba ilikuwa na sababu. Barazani unamuona mtu, unajua huyu ni mzee wetu, huyu ni mpangaji mpya, huyu jana alikopa akakimbia. Mtandaoni kuna jina la bandia na picha ya simba. Namba ilikuwa inakupa fununu kidogo kwamba huyu hakuja asubuhi ya leo kukuuzia vifaranga hewa kwa M-Pesa halafu apotee. Sikatai. Ila matapeli nao wanajua kusoma namba, wanaingia mapema wanaipasha moto akaunti kwa "asante", "hongera", "amina" mia mbili, miezi miwili baadaye ndo wanaleta tangazo, na wengine hawana hata subira hiyo wananunua akaunti kongwe ya mtu aliyechoka. Tarehe ya kujiunga na uwezo wa kubonyeza jina ukasoma mtu alichowahi kuandika vinamfichua tapeli haraka kuliko jumla ya posti.

Sasa tuje kwenye namba inavyomfanya mtu, maana hapa ndo mimi niliungua.

Miaka ya nyuma kwenye jukwaa fulani la mafundi simu tuliona watu wamepoa, tukabuni shindano, mchangiaji wa mwezi, mwenye posti nyingi anapewa bando. Wazo langu, nakiri. Wiki ya kwanza tukafurahi, grafu inapanda kama nini. Wiki ya pili nikaingia kwenye uzi mmoja, mtu kauliza simu yake imeanguka kwenye maji haiwaki. Zamani fundi mmoja angeshuka na maelezo ya aya tatu. Safari hii jibu lilikuwa hivi: "Izime." Posti. "Usiichaji." Posti. "Toa betri kama inatoka." Posti. "Ifungue." Posti. Katikati wameingia washindani wake wanaandika "sikiliza huyo fundi" na "naunga mkono hoja", na lile la maana kuliko yote, kwamba mchele hausaidii kitu, ile bodi isafishwe kwa spiriti kabla kutu haijaanza, liko ukurasa wa nne, na aliyeuliza alikuwa anasoma kwa simu ya kuazima. Tulisitisha shindano wiki ya tatu, bando tukampa mtu akafurahi, ila tabia haikusitishwa nayo. Mafundi wawili niliowategemea waliacha kuingia, hawakuaga, hawakugombana na mtu.

Na usidhani ni ushamba wetu. Kuna utafiti mmoja naupenda sana, Yan Chen na wenzake waliufanya kwenye MovieLens, mtandao wa watu kuzipa filamu alama, ukachapwa mwaka 2010 kwenye jarida la wachumi wa Marekani. Waliwaambia watumiaji, wewe umetoa alama kadhaa na mtu wa katikati katoa kadhaa. Waliokuwa chini ya katikati wakaongeza kutoa alama kwa mwezi kwa asilimia 530. Waliokuwa juu ya katikati wakapunguza kwa asilimia 62. Isome tena hiyo. Walio nyuma walikimbia kama wamewashiwa moto, na waliokuwa mbele, wale wachapakazi wenyewe, wakasema kumbe nimewapita, ngoja nipumzike. Na hapo kumbuka wenzetu walikuwa wanahesabu kitu kinachofanana, alama moja ya filamu ni alama moja. Kwako wewe posti ya ratiba ya chanjo na posti ya "siti ya mbele" hazifanani hata kidogo, kwa hiyo ukiwakimbiza walio nyuma utapata siti za mbele nyingi sana.

Kingine kilichoonekana kwenye Stack Overflow, ule mtandao ambako waandishi wa programu wanajibizana maswali ya kodi, si ya nyumba wala ya serikali, ni yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mtu akikaribia kupata beji anaongeza kasi kwenye kile kinachohesabiwa, akishaipata anapoa. We mwenyewe ushaona. Mtu yuko posti 980, siku hiyo anapita kila uzi kama mgombea siku ya mwisho ya kampeni, "safi", "safi sana", "umesomeka", akigonga 1,000 anafungua uzi wa kujipongeza na watu wanaingia kumpongeza, kila pongezi nayo ni posti. Mi nilifanya hivyo nikiwa na 4,990 na kitu, sikatai, nilijibu hadi uzi wa mashine ya kutotolesha mayai ambayo sijawahi kuigusa. Nilisema joto liwe nyuzi 37 na nusu kwa sababu nilikuwa nimesikia sehemu. Bahati nzuri ndo jibu.

Wengine walifanyaje? Wakongwe wa hii biashara ni Slashdot, jukwaa la habari za teknolojia la Marekani lililoanza 1997. Wao walikuwa na pointi wanaziita karma, watu wanaziona kwa namba, wakageuza mchezo wa kushindana nani anazo nyingi. Kwanza wakaweka kikomo cha 50, halafu namba wakaiondoa kabisa wakaweka maneno, nzuri, nzuri sana, mbaya, basi, ukitaka kushindana shindana na neno. Hacker News, jukwaa jingine la teknolojia, mwaka 2011 waliacha kuonyesha pointi za kila komenti, mpaka leo unasoma komenti bila kujua wenzako wameipa ngapi, inakubidi uisome. GitHub, mtandao ambako watu wanahifadhi kodi za programu zao, walikuwa wanaonyesha siku ngapi mfululizo mtu katuma kazi, Mei 2016 wakaitoa, na kulikuwa na malalamiko kwamba watu wanajilazimisha kutuma kitu kila siku ili tu mfululizo usikatike.

Hao wote ninaowataja, angalia, hakuna aliyeacha kuhesabu. Ndani wanaendelea kuhesabu kwa sababu msimamizi anahitaji kujua akaunti ya jana isipewe ruhusa ya kumwaga linki ishirini. Kilichobadilika ni nani anaiona namba na inakaa wapi. Discourse, programu iliyotoka 2013, naona waliliwaza hili vizuri kuliko wengi: mgeni anapanda ngazi ya kwanza akifungua nyuzi 5, akisoma posti 30, na akikaa anasoma kwa dakika 10. Kusoma! Mpiga chabo ambaye sisi tunamcheka ndo anapandishwa ngazi. Na jumla ya posti za mtu haimfuati kila anapoandika, ukiitaka uifuate mwenyewe kwenye profaili.

Najua utaniuliza, basi si tuweke laiki badala ya posti. Wengi wanakimbilia huko na mimi nakuambia taratibu. Stack Overflow mfumo wao wa kura umefanya kazi, jibu likipigiwa kura ya juu mwandishi anapata pointi 10, likipigiwa ya chini anapoteza 2, kwa siku kura haziwezi kukupa zaidi ya 200, na yupo mtu, Jon Skeet, aliyefika pointi milioni moja Januari 2018 na kwa kweli anajua anachosema. Ila pale mtu akikupa kodi unaiweka kwenye kompyuta, ndani ya dakika moja umejua kama ni kweli au kakudanganya, kura inakuja baada ya jaribio. Kuku hawaendi hivyo. Ushauri wa dawa unapata laiki ndani ya dakika tano, majibu ya banda yanakuja baada ya siku tano. Hao waliompa laiki yule wa OTC walilaiki kabla kifaranga hajanywa hata tone. Na sisi Waswahili tunajijua, laiki zinakwenda kwa aliyechekesha. Weka laiki uwe na uhakika mtu wa kwanza kwenye orodha yako atakuwa yule anayesema kuku wa mama watakuwa wamerogwa na jirani.

Kitu ambacho ningekihesabu ni mrejesho. Neno lenyewe mnalo, watu wanaandika kila siku "usisahau mrejesho" na hakuna anayerudi. Kifanye kiwe utaratibu: anayeuliza kwenye jukwaa la magonjwa, siku ya tano na siku ya kumi anapata ujumbe, vifaranga vipi, nani alikusaidia, unafanya nini sasa. Akijibu, yule aliyemsaidia anaandikiwa chini ya jina "mirejesho 4". Ni namba nayo, ndiyo, na watu watajaribu kuichezea, watafungua akaunti mbili waulizane na kushukuriana wenyewe, nishaona. Ila kuichezea ni kazi ngumu na inakwenda polepole, msimamizi anayefahamu watu wake anaishtukia. Tena jitahidi mrejesho mbaya nao ubaki kwenye uzi, "nilifuata ushauri wa fulani, wamekufa 60", bila matusi. Huo ni wa thamani kuliko shukrani kumi.

Halafu kuna huyo wa posti 6, hivi mlimuuliza ni nani? Inawezekana ni daktari wa mifugo ana miaka kumi na tano kazini, kaingia jukwaani wiki hii. Weka alama kwa watu wa fani waliothibitishwa: anakutumia usajili wake faraghani, wa huku anasajiliwa na Baraza la Veterinari, wa Kenya ana bodi yao ya veterinari, we unaangalia, unaweka "daktari wa mifugo" chini ya jina, vile vyeti unavifuta wala huvipeleki kwenye grupu la WhatsApp la wasimamizi. Na mfugaji mzoefu naye apewe cha kwake, "anafuga chotara tangu 2014", hicho mi kinaniambia mengi kuliko posti 9,000. Chotara na broila ni shule mbili tofauti.

Kwenye jukwaa la mauzo acha tarehe ya kujiunga ionekane na ongeza idadi ya biashara zilizokamilika ambazo mnunuzi kathibitisha. Kwenye lile la vijiwe na utani, la Simba na Yanga, namba ikae tu ionekane, hakuna anayekufa, ila huko posti zisihesabiwe kwenye jumla. Kama mngekuwa watu hamsini mna mwezi mmoja ningekuambia uache namba kila mahali kwa muda, jukwaa changa linahitaji makelele, mtu akiingia akakuta kimya anaondoka. Mko elfu nne, makelele mnayo ya kutosha.

Namna ya kufanya. Kama programu ya jukwaa lenu ni XenForo, kila jukwaa dogo lina kijisanduku cha kuamua kama posti za pale zihesabiwe kwenye jumla ya mtu au la, anza na hicho, toa tiki kwenye utani na salamu. phpBB nayo iko, imekaa kwenye ruhusa za jukwaa, ila fahamu kwamba ukiibadilisha inagusa posti mpya tu, za zamani zinabaki kama zilivyo. Kuificha isionekane chini ya jina kwenye XenForo ni mpangilio wa muonekano, unaingia sehemu ya maelezo ya mwandishi wa posti unaondoa idadi, itaondoka jukwaa zima. Ukitaka ifichike kwenye magonjwa peke yake itabidi umpate kijana anayejua kuhariri templeti, ni kazi ya nusu siku, mlipeni. Usiwarudishe watu sifuri, hata kwa majaribio. Kuna msimamizi namfahamu aliwarudisha sifuri Jumamosi akidhani anawafundisha unyenyekevu, mpaka Jumatatu hakuwa na jukwaa.

Sasa wakongwe. Watakaoondoka kwa sababu ya namba wapo, wachache, na wengine watatangaza kuondoka halafu utawaona Alhamisi. Ila uchungu wao uuheshimu, mtu kaweka miaka pale, ile namba ndo ushahidi pekee kwamba alikuwepo, ukiiondoa bila neno ni kama umepaka chokaa juu ya majina ukutani. Waache na mwaka wa kujiunga uonekane kila wanapoandika, "tangu 2012" inabeba heshima na haijifanyi daktari. Na washukuru, kwa maandishi, mmoja mmoja. Sikuambii haya kwa upole tu. Kwenye Wikipedia, ambako kuhesabu mahariri kuna wagonjwa wake mpaka wakaupa ugonjwa wenyewe jina la kuchekesha, watafiti wawili mwaka 2012 waliwachukua wachangiaji kutoka ile asilimia moja ya juu kabisa, baadhi yao kwa bahati nasibu wakapewa nyota ya shukrani, picha tu imebandikwa kwenye ukurasa wao na mtu mwingine, na hao wakafanya kazi asilimia 60 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Picha haina hela wala bando. Ila mtu aliiweka kwa mkono wake.

Kwa hiyo huyo wa elfu tisa mpigie simu, usimwandikie hadharani. Usimwambie "uliua kuku wa mama", anajua, na kama ni mtu mzima hajalala vizuri. Mwambie unataka awe mkuu wa mapokezi, kila mgeni apite kwake, na akiona swali la dawa kazi yake iwe kuwaita wenye fani waje, yeye anawajua wote kwa majina. Mi namwekea dau atakubali, wakongwe wa aina hiyo mara nyingi walikuwa wanatafuta kazi, wakapewa namba.

Na yule wa posti 6 muombe radhi, hapo iwe hadharani, kwenye uleule uzi alioambiwa atulie. Kisha muombe afungue uzi mpya wa vifaranga kuhara damu, dalili, dawa, kiasi kwa lita ya maji, siku ngapi, na lile la kutochanganya na vitamini, uubandike juu kabisa kwenye jukwaa la magonjwa. Akikubali atakuwa na posti 7.